Usihesabu sindano, hesabu wiki

Jumatatu asubuhi kijana mmoja kutoka Goba aliingia kliniki amembeba mtoto wa Rottweiler ndani ya taulo. Harufu ilinifikia kabla sijalifunua. Kuhara damu kwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, kuna harufu yake, ya kuoza na yenye utamu fulani, na ikikuingia puani inakaa mpaka jioni. Nikanyanyua mdomo wa juu: fizi nyeupe. Nikavuta ngozi ya shingo: ikabaki imesimama. Kabla sijauliza chochote, kijana akaninyooshea kadi. "Dokta, hii haiwezi kuwa parvo. Huyu alishachanjwa."

Kadi ilikuwa na stika moja. Nikahesabu kutoka tarehe ya kuzaliwa: alichomwa akiwa na wiki tano. Sasa ana wiki kumi na moja.

Hilo neno "alishachanjwa" nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara nalisikia juu ya meza ileile, mbele ya mbwa anayekufa. Naomba leo tulimalize.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu hana kinga yoyote. Anaipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya siku ya kwanza. Kingamwili hizo za kuazima ndizo zinazomlinda wiki za mwanzo, na hizohizo ndizo zinazoiharibu chanjo. Chanjo ya parvo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ili mwili ujifunze, lazima kirusi hicho kizaliane kwanza. Kingamwili za mama hazitofautishi kirusi cha mtaani na kirusi cha kwenye kichupa, zinavimaliza vyote. Sindano imeingia, stika imebandikwa, hela imelipwa, na mwili wa mtoto haujajifunza kitu.

Kinga ya mama inaisha lini? Hapo ndipo penye ugumu. Mmoja inamwishia wiki ya nane, mwingine inakaa hadi ya kumi na nne au zaidi, hata kama wamezaliwa tumbo moja, kwa sababu mmoja alinyonya vizuri na mwenzake alisukumwa pembeni. Na katikati kuna pengo baya: kinga ya mama imeshuka kiasi kwamba haiwezi tena kuzuia parvo ya mtaani, lakini bado inatosha kuizuia chanjo. Katika siku hizo hata mtoto anayechanjwa kwa ratiba sahihi anaweza kuugua.

Ndiyo maana tunarudia. Tunaanza wiki ya sita hadi ya nane, tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka avuke wiki ya kumi na sita. Watu wengi, na baadhi ya wenzangu pia, wanadhani sindano ya pili inaongezea nguvu ile ya kwanza. Kwa parvo sivyo. Kila sindano ni jaribio jipya la kumkuta mtoto siku ambayo kinga ya mama imeshaondoka. Mama mmoja alinionyesha kadi yenye stika tatu, wiki ya sita, ya nane na ya kumi, akaniambia mbwa wake amemaliza. Hajamaliza! Sindano moja iliyochomwa wiki ya kumi na saba inaweza kumlinda dhidi ya parvo kuliko hizo tatu zote. Angalia umri wake siku ya sindano ya mwisho; idadi ya stika haikuambii kitu. (Leptospirosi, ugonjwa wa bakteria, ni habari nyingine, hiyo inahitaji sindano mbili kwa umri wowote.)

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kichupa tofauti. Inayotolewa bure sehemu nyingi kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni hiyo, na haizuii parvo. Na maziwa hayatibu parvo, yanamzidishia kuhara.

Kuna mambo mawili yananisumbua. Mbwa aliyechanjwa akifa, mara nyingi siwezi kusema kwa hakika kama tatizo lilikuwa kinga ya mama, au kichupa kilichosafiri kwenye joto la Dar kilipotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kichupa kilichopata joto, kikipoa tena kwenye friji kinaonekana kizima. La pili ni kumfungia ndani. Umri wa kuzoea watu, watoto, bodaboda na kelele unaisha karibu na wiki ya kumi na nne, kabla ratiba ya chanjo haijakamilika. Ukimficha kabisa unalea mbwa mwoga, na mbwa mwoga huuma. Mimi nashauri abebwe mikononi, aone mtaa bila kukanyaga ardhi. Kuna siku nashauri hivyo moyo ukiwa mzito.

Yule wa Goba alikaa kwenye dripu siku tatu, akafa Jumatano usiku. Alhamisi mwenyewe akanipigia: alete mwingine lini? Nilimwambia sakafu ya saruji aisugue kwa sabuni kwanza, kisha amwage Jik, kipimo kimoja kwa maji thelathini, aiache dakika kumi. Udongo wa uani hausafishiki hivyo, na parvo inaweza kukaa humo mwaka na zaidi. Kwa hiyo asilete mtoto mchanga. Alete aliyevuka wiki ya kumi na sita, awe amechomwa baada ya hapo, na zipite wiki mbili kabla hajakanyaga ule uwanja.

Amekubali. Amesema atatafuta wa miezi mitano, na kadi atanitumia picha kabla hajalipa.