Asili haitolewi: tuanze na robo tatu

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari ya Darasa la Tano nikakutana na hesabu hii: 5/8 − 2/8 = 3/0. Mwandiko safi, mstari wa sehemu umepigwa kwa rula. Mtoto ametoa mbili kwenye tano akapata tatu, akashuka chini akatoa nane kwenye nane akapata sifuri. Kutoa anajua. Asichojua ni ile nane inasema nini.

Nilimwita mezani, bila kalamu. "Robo tatu ukitoa robo moja, unabaki na nini?"

"Robo mbili, mwalimu."

"Mbona robo haijaisha?"

Akafikiri kidogo. "Si ndiyo zenyewe tunazohesabu?"

Ndiyo zenyewe. Tunasema robo tatu kama tunavyosema ndizi tatu: robo ni jina la kitu, tatu ni idadi yake. Kiasi, namba ya juu, kinahesabu vipande. Asili, namba ya chini, inataja ni vipande vya ukubwa gani. Ukila ndizi mbili kati ya tano, zilizobaki bado zinaitwa ndizi. Na Kiswahili kina majina hayo kuanzia asili ya mbili hadi ya kumi: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. 5/8 ni thumuni tano. Thumuni tano kutoa thumuni mbili ni thumuni tatu, yaani 3/8. Siku hizi darasani tunasema "tano juu ya nane", usemi ambao siupendi hata kidogo, kwa sababu mtoto anasikia namba mbili zilizopandana, kila moja ikisubiri kutolewa.

Asiyeshawishika kwa maneno namkatia mkate wa kumimina vipande vinane sawa. Vikiwa vimebaki vitano, tukala viwili, kisu hakijagusa tena mkate. Vipande vitatu vilivyobaki ni vilevile vya thumuni.

Jibu likikubali kurahisishwa, rahisisha: 7/8 − 3/8 = 4/8, ambayo ni nusu.

Ugumu wenyewe unakuja kwenye namba mchanganyiko. Chukua 3 1/5 − 1 4/5. Humusi moja haitoshi kutolewa humusi nne, basi tunakopa kwenye ile tatu. Hapa hata watoto hodari huandika 2 11/5, kisha wanapata 1 7/5, yaani 2 2/5. Wamefanya walichozoea tangu madarasa ya chini: ukikopa moja kwenye makumi, inakuja kumi kwenye mamoja. Lakini nzima moja ikivunjwa humusi haitoi kumi, inatoa tano. Kwa hiyo 3 1/5 ni 2 6/5. Ukitoa 1 4/5 unabaki na 1 2/5. Mwambie mtoto ajumlishe jibu lake na kile alichotoa: 2 2/5 + 1 4/5 inampa 4 1/5, wakati alianza na 3 1/5. Ataiona mwenyewe ile moja iliyozidi. Wengine hugeuza, wakatoa moja kwenye nne kwa kuwa nne ni kubwa, wakapata 2 3/5. Njia hiyohiyo ya kujumlisha inawaumbua.

Kukopa huku nakufundisha kwa saa ya ukutani. Mtoto wa hapa kwetu ameshasikia "saa tatu kasorobo" mara elfu kabla hajaona sehemu ubaoni. Namwuliza: ni saa mbili na robo ngapi? "Robo tatu." Umejuaje? Huwa wanaonyesha kwa kidole, mshale mrefu umepita robo tatu za duara, bado moja ufike juu. Basi naandika pembeni mwa saa: 3 − 1/4 = 2 4/4 − 1/4 = 2 3/4. Ile 4/4 ndiyo saa moja iliyovunjwa robo nne, dakika 15 kila moja. Baada ya hapo nawarudisha kwenye humusi, na swali la kwanza ninalouliza kabla ya kukopa ni hili: nzima moja hapa ina vipande vingapi?