Rais Mpya, Ushuru Ule Ule: Dhana Potofu Kuhusu Chaguzi na Biashara ya Dunia

Mwaka 2024 nchi zaidi ya 60 zilifanya uchaguzi, na kwa pamoja zina karibu nusu ya watu wote duniani. Kila matokeo yalipotangazwa wachambuzi walikuwa na jibu tayari: huyu ni mtu wa China, yule atafunga mipaka, huyu mwingine atavunja mkataba. Mengi ya majibu hayo yalikwenda kombo kwa sababu ileile. Watu walimkodolea macho mshindi, wakasahau kuuliza ni yapi anayoweza kuyafanya kwa kalamu yake peke yake, na ni yapi hayawezi bila ridhaa ya wengine.

"Serikali ikibadilika, sera ya biashara nayo hubadilika"

Dhana hii ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko zote, hivyo nitakaa nayo kidogo. Mwaka 2018 Donald Trump alianza kutoza bidhaa za China ushuru mkubwa. Joe Biden aliukosoa ushuru huo akiwa mgombea. Alipoapishwa, hakuuondoa. Tena Mei 2024 akatangaza kwamba ule wa magari ya umeme ya China utapanda kutoka asilimia 25 hadi 100.

Unafiki? Labda kidogo. Lakini ushuru ukishawekwa hupata watetezi wake. Kuna viwanda vilivyojibanza nyuma yake, kuna wafanyakazi katika majimbo yanayoamua nani awe rais, na kuna wapatanishi wanaouona kama karata ya mezani ambayo hakuna sababu ya kuitupa bure. Kuuweka kulihitaji saini. Kuuondoa kunahitaji ujasiri wa kuwakabili hao wote.

Shirika la Biashara Duniani linaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Chombo chake cha rufaa, kinachoamua migogoro ya biashara kati ya nchi, kina nafasi za majaji saba, na kesi moja husikilizwa na watatu. Wengi wanamlaumu Trump kwa kukizima, na ni kweli kwamba kilikosa akidi Desemba 2019 baada ya serikali yake kuzuia uteuzi wa majaji wapya. Ila mwaka 2016 ilikuwa serikali ya Barack Obama iliyozuia jaji mmoja kutoka Korea Kusini asipewe muhula wa pili. Na Biden, katika miaka yake minne, hakukifufua. Marais watatu, vyama viwili, malalamiko yaleyale.

Ulaya nako kuna mfano. Septemba 2023 serikali ya Poland ilizuia nafaka za Ukraine zisiuzwe nchini humo, ingawa zuio la pamoja la Umoja wa Ulaya lilikuwa limekwisha muda wake. Uchaguzi ulikuwa umebaki mwezi mmoja na kura za wakulima zilikuwa zinatafutwa kwa udi na uvumba. Chama tawala kikapoteza madaraka. Donald Tusk, aliyewahi kuwa Rais wa Baraza la Ulaya, akaingia madarakani Desemba, na zuio likabaki palepale. Wakulima hawakuhama nchi kwa sababu waziri mkuu amebadilika.

"Ukitaka kujua atafanya nini, sikiliza anachosema jukwaani"

Javier Milei alipokuwa akiwania urais wa Argentina mwaka 2023 alisema hatafanya biashara na wakomunisti, akiwamo mteja mkubwa wa soya na nyama ya nchi yake, yaani China. Mwezi alioapishwa, Desemba 2023, aliandika barua ya kukataa mwaliko wa kujiunga na BRICS, kundi la nchi kama China, Urusi, India, Brazil na Afrika Kusini. Hapo alitimiza. Lakini Juni 2024 benki kuu ya Argentina iliongezewa na China muda wa kulipa takriban dola bilioni 5 chini ya mpango wao wa kubadilishana sarafu, na Novemba mwaka huo Milei na Xi Jinping walikutana ana kwa ana Rio de Janeiro. Ahadi iliyogharimu barua ilitekelezwa. Ile ambayo ingegharimu akiba ya fedha za kigeni ikawekwa kabatini.

Kwa Sri Lanka hali ilikuwa ya upande wa pili wa siasa. Anura Kumara Dissanayake, anayetoka katika chama chenye asili ya Kimarx, alishinda urais Septemba 2024, na wapo waliohofia kwamba angeutupa mpango wa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa takriban dola bilioni 3 uliokubaliwa mwaka uliotangulia. Aliendelea nao. Nchi iliyoshindwa kulipa madeni yake ya nje mwaka 2022 haina anasa ya kuchagua mkopeshaji.

"Kumbe basi ahadi za kampeni ni porojo tupu"

Hapana, na hapa ndipo wenye kujiona wajanja hunaswa. Trump aliapishwa tarehe 20 Januari 2017, na tarehe 23 akaiondoa Marekani katika mkataba wa biashara wa nchi 12 za ukanda wa Pasifiki, TPP. Aliweza kwa wepesi kwa sababu Bunge la nchi yake lilikuwa halijauidhinisha. Palikuwa hapana cha kuvunja. (Hillary Clinton naye aliupinga mkataba huo kwenye kampeni, jambo linalosahauliwa mara nyingi.) Nchi 11 zilizobaki zikakaa upya na kutia saini toleo lao mjini Santiago, Chile, Machi 2018. Uingereza ikajiunga mwishoni mwa 2024. Mshirika mkubwa kuliko wote aliondoka, wazo likaendelea bila yeye.

Ushuru wa Marekani nao una siri yake. Katiba inalipa Bunge mamlaka ya forodha, lakini sheria kadhaa, hasa ya mwaka 1962 na ya mwaka 1974, zilimkabidhi rais nafasi ya kuchukua hatua mwenyewe akidai usalama wa taifa au hila za kibiashara za nchi nyingine. Ndiyo maana uchaguzi wa Marekani hutikisa bandari za mbali haraka kuliko uchaguzi wa nchi nyingine nyingi tajiri.

Linganisha na Ufaransa au Ujerumani. Kiongozi wa huko hata akipata ushindi wa kishindo hawezi kuyawekea magari ya China ushuru wa peke yake, kwa kuwa sera ya biashara ni ya Umoja wa Ulaya mzima. Oktoba 2024 Ujerumani, yenye viwanda vya magari vinavyotegemea soko la China, ilipiga kura ya kupinga ushuru wa ziada kwa magari hayo ya umeme. Ushuru ukapita vilevile.

"Athari huanza siku mshindi anapotangazwa"

Wafanyabiashara hawasubiri. Mapema 2025 waagizaji wa Marekani walijaza maghala kabla ushuru uliotajwa kwenye kampeni haujaanza kutozwa, na nakisi ya biashara ya nchi hiyo ikapanda Machi hadi kiwango ambacho haikuwahi kufika. Pato la taifa la robo hiyo ya mwaka likasinyaa kidogo, sababu kubwa ikiwa uagizaji huo wa pupa. Ushuru mkubwa wenyewe ulitangazwa tarehe 2 Aprili.

Masoko ya hisa ni habari nyingine. Yanatetemeka upesi na kusahau upesi. Juni 4, 2024, ilipobainika kwamba chama cha Narendra Modi kimepata viti 240 kati ya 543, hisa za India ziliporomoka kwa karibu asilimia 6. Haikupita wiki, zikawa zimerudi.

"Kiongozi akishinda, wenzake wa itikadi hiyo nje ya nchi hunufaika"

Mwanzoni mwa 2025 chama cha Conservative cha Canada kilikuwa kikiongoza kura za maoni kwa zaidi ya pointi 20. Kisha Trump akarudi Ikulu, akaanza na ushuru kwa bidhaa za Canada na maneno ya kuifanya jimbo la 51 la Marekani. Tarehe 28 Aprili waliochekwa kuwa wameshazikwa, Liberal chini ya Mark Carney, walishinda, na Pierre Poilievre wa Conservative akapoteza hata kiti chake cha ubunge. Siku tano baadaye, huko Australia, Peter Dutton, kiongozi wa upinzani wa kihafidhina, alipatwa na yaleyale. Ushindi wa mmoja uliwapa wapinzani wa marafiki zake hoja ambayo hawakuwa nayo.

"Kura za nchi ndogo hazina uzito"

Oktoba 2016 bunge la Wallonia, eneo la Ubelgiji lenye watu kama milioni 3.6, lilisimamisha kwa takriban wiki mbili mkataba wa biashara kati ya Canada na Umoja wa Ulaya uliojadiliwa kwa miaka saba. Januari 2024, siku mbili baada ya Taiwan, ambayo China inadai ni sehemu yake, kumchagua Lai Ching-te kuwa rais, kisiwa cha Nauru chenye watu wasiozidi 13,000 kilihamisha uhusiano wake wa kibalozi kutoka Taipei, mji mkuu wa Taiwan, kwenda Beijing. Muda uliochaguliwa haukuwa wa bahati mbaya.

Honduras inafundisha upande wa gharama. Xiomara Castro aliahidi kwenye kampeni ya 2021 kwamba ataitambua Beijing badala ya Taipei, na Machi 2023 akafanya hivyo. Mkataba wa biashara huria na Taiwan ukasitishwa, na wafugaji wa kamba wa pwani ya kusini wakapoteza mteja wao muhimu. Soko la China halikuziba pengo hilo kama walivyotarajia. Uchaguzi wa 2025 ulipofika, kamba hao wakawa hoja ya jukwaani, na Nasry Asfura, aliyetangazwa mshindi mwezi Desemba, alikuwa ameahidi kurudi Taipei.