Uniti zinaishia wapi? Anza na vyombo vya joto

Watu wengi wakitaka kupunguza matumizi ya umeme nyumbani huanza kuchomoa chaja ya simu. Si vibaya, lakini chaja nyingi za kisasa zisizo na simu hazifikishi nusu wati. Hata zikikaa kwenye soketi mwezi mzima hazimalizi nusu uniti. Hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 4,500 humaliza nusu uniti hiyo kwa dakika saba hivi.

Hesabu yake ni nyepesi. Soma wati kwenye kibandiko cha chombo, zidisha kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti. Ukiipitisha hesabu hii nyumba nzima, utaona kwamba vyombo vinavyopasha joto ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa: hita, jiko, birika, pasi.

Tuchukue kuoga. Dakika 10 chini ya hita ile ni uniti 0.75. Watu wanne wakipunguza hadi dakika 5 kila siku, kwa siku 30 wanaokoa uniti 45. Kama hita ina ngazi za joto, tumia ya chini, na funga maji unapojipaka sabuni. Tenki la maji moto halihitaji kuwaka mchana kutwa, kwani hupoteza joto hata bila mtu kufungua bomba. Liwashe muda mfupi kabla ya matumizi. Ila kidhibiti joto chake kisiwe chini ya nyuzi 60, maana maji ya vuguvugu yanayokaa hulea bakteria wanaoleta homa ya mapafu.

Kuchemsha lita moja ya maji huchukua takribani uniti 0.1, na hakuna birika linalokwepa hilo, kwa kuwa joto hilo linadaiwa na maji yenyewe. Pima kwa kikombe maji unayohitaji, lakini usishuke chini ya alama ya kiwango cha chini, la sivyo koili itaungua. Jikoni, funika sufuria, na chagua yenye kitako bapa kinachoenea sahani ya jiko. Maji yakishachemka punguza moto: ukiuacha juu, chakula hakiivi upesi zaidi, unaongeza mvuke tu.

Friji ni kisa kingine. Wati zake ni chache, ila halipumziki usiku wala mchana. Mara nyingi kasoro iko kwenye mpira wa mlango. Bana kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, hewa ya joto inaingia na kompresa inafanya kazi ya bure. Jaribu pande zote nne. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na ukiwa umepasuka, badilisha. Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma, futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma, na yeyusha barafu kabla haijazidi milimita 5, kwa sababu barafu huzuia ubaridi kupita. Usiichokonoe kwa kisu! Nyuzi 4 zinatosha kwenye friji na 18 chini ya sifuri kwenye friza. Kulizima usiku hakuokoi kitu cha maana: joto lililoingia lazima litolewe asubuhi, na chakula kinaharibika.

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 9 kwa siku 30. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana, hula 1.35. King'amuzi kinachovuta wati 10 kikiwa kimezimwa kwa rimoti hula uniti 7.2 kikikaa hivyo usiku na mchana kwa siku 30, kwa hiyo kizime ukutani.

Mwisho, kagua mita. Zima na chomoa kila kitu, kisha tazama taa ndogo inayopepesa. Mita ikiandikwa 1,000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa uniti moja, kila mpepeso ni wati-saa moja: hesabu mipepeso ya dakika 6, zidisha kwa 10, upate wati zinazotumika. Ikiendelea kupepesa, kuna chombo ulichokisahau, mara nyingi hita iliyofichwa darini, au umeme unavuja kwenye nyaya. Ukikikosa chombo hicho, usifungue chochote mwenyewe. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa.