Stesheni za reli Taita Taveta: yasemwayo na yaliyokuwa

Kuanzia Voi hadi Taveta, kila kijiwe kina habari zake za reli, na nyingine ni tamu kuliko ukweli wenyewe. Mzee akizisimulia jioni hakuna ubaya. Tatizo ni pale zinapoanza kunakiliwa kama historia ya kaunti.

"Reli ya Taveta ilijengwa na Wajerumani."

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, labda kwa sababu Wajerumani walikuwa hapo kweli. Waliiteka Taveta Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipoanza tu. Lakini reli yao ilitoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911, na kuishia huko. Walioleta reli Taveta ni Waingereza, walioanza kuijenga kutoka Voi mwaka 1915. Nyika ile ni kavu, na jeshi la maelfu ya watu na wanyama lisingeweza kuivuka bila maji na chakula kuletwa nyuma yake kila siku.

Juni 1915 reli ilikuwa imefika Maktau. Mwezi uliofuata Waingereza wakapigwa Mbuyuni, na Februari 1916 wakapigwa tena kwenye kilima cha Salaita. Machi wakairudisha Taveta. Reli iliendelea kulifuata jeshi hadi ikaungana na ile ya Wajerumani pale Kahe, ambayo leo iko mkoa wa Kilimanjaro. Iliwezekana kwa sababu reli zote mbili, ingawa zilijengwa na mahasimu, zilikuwa na upana uleule wa mita moja.

Kwa hiyo anayeshangaa kwa nini stesheni ya Maktau iliwekwa porini mbali na vijiji, ajue kwamba ilikuwa kambi kabla ya kuwa stesheni. Makaburi ya wanajeshi wa Kihindi waliokufa katika vita hivyo yako hapohapo hadi leo.

"Stesheni ni mahali pa kupandia abiria, kwa hiyo ikifungwa ni kwa kukosa abiria."

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi naona ndipo utamu wa habari yote ulipo. Stesheni nyingi ndogo kati ya Mombasa na Nairobi hazikuwahi kutegemea abiria. Reli ilikuwa ya njia moja, na treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana ila mahali palipo na njia ya pili ya kando. Ndiyo maana kila baada ya kilomita kadhaa paliwekwa stesheni, kuwe na mji kusiwe na mji. Stesheni masta wa porini aliuza tiketi chache sana, lakini bila yeye hakuna treni iliyosonga: dereva hakuingia kipande cha mbele mpaka apewe ruhusa, na ruhusa hiyo ilitolewa baada ya kuhakikisha na stesheni inayofuata kwamba njia haina treni nyingine.

Jambo la pili ni maji. Injini za mvuke zilikuwa na kiu ya ajabu. Zile kubwa za daraja la 59, zilizoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zilikuwa 34, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Shengena, yenye jina la kilele cha Upare, bado ipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Majitu hayo yalivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kwa zaidi ya miaka 20. Dizeli ilipochukua nafasi yake kabisa, karibu na mwaka 1980, stesheni ambazo kazi yake ilikuwa kunywesha injini zikabaki hazina kazi. Abiria hawakuhusika.

Ukitaka kutambua palipokuwa na stesheni iliyotoweka, usitafute jengo. Mabati na mbao huondoka kwanza. Angalia mahali ambapo tuta la reli linapanuka ghafla, pakawa na nafasi ya njia mbili au tatu badala ya moja. Kisha tafuta vitako vya zege vilivyobeba tangi la maji. Hivyo havibebeki, ndiyo maana havijaibiwa.

"Simba wa Tsavo walimtoa mzungu ndani ya behewa."

Hapa visa viwili vimechanganywa. Simba wawili wa Tsavo walisumbua wajenzi wa daraja mwaka 1898, na wote wawili wakauawa Desemba mwaka huohuo. Mzungu aliyetolewa ndani ya behewa ni Charles Ryall, ofisa wa polisi, Juni 1900, kwenye stesheni ya Kima, Makueni. Ni simba mwingine kabisa. Na ile idadi ya watu 135 waliodaiwa kuliwa Tsavo haina msingi: uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu wapatao 35.

"SGR ndiyo iliyoziua stesheni za zamani."

SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, ilianza 2017, na treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ikasimama mwaka huohuo. Hilo halina ubishi. Lakini mgonjwa alikuwa kitandani miaka 40. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika lake la reli likagawanywa. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka, usifunguliwe hadi Novemba 1983, na Taveta, iliyokuwa njia ya kwenda Moshi, ikawa mwisho wa reli. Mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi likaanza kazi na kuchukua mzigo uliokuwa wa mabehewa. Mkonge wa Mwatate na Taveta nao ulikuwa umeshaporomoka bei kwa sababu ya kamba za nailoni. Malori yakamalizia.

"Reli ile imekufa pande zote mbili za mpaka."

Upande wa Tanzania haikufa. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, na Arusha mwaka uliofuata, ikipita palepale Kahe. Pengo likabaki kati ya Kahe na Voi.

"Stesheni ikishaachwa, kiwanja ni cha aliyekiwahi."

Hapana. Kutopita treni hakubadilishi hati. Ardhi ya reli na ya stesheni zake ni ya Shirika la Reli la Kenya, hata pale ambapo mataruma yamefunikwa na vichaka. Anayeuziwa kipande "cha stesheni ya zamani" kwa karatasi ya makubaliano tu amenunua karatasi.