Kilichotawanyika ni elektroni, si protoni

Juzi nilikuwa nje ya darasa la tuisheni hapa Moshi, namsubiri mpwa wangu, nikamsikia kijana anayefundisha akisema, "Wanasayansi waliitawanya protoni, wakakuta kwaki tatu." Protoni ni chembe ya ndani ya kiini cha atomu, na kwaki ni chembe ndogo zaidi zinazoiunda. Ubaoni alikuwa amechora duara limepasuka kama ganda la karanga, punje tatu zimedondoka chini. Si mara ya kwanza kuisikia hiyo.

Maana kwanza. Alichokuwa akikisemea ni majaribio ya mtawanyiko. Data za mtawanyiko ni kumbukumbu za elektroni zilizofyatuliwa kwenye protoni: ngapi zimepinda, kwa pembe gani, na zimebaki na nishati kiasi gani. Kwa hayo hukokotolewa kilichomo ndani. Basi.

Tatizo liko kwenye neno. Kutawanya kunataka wingi. Polisi hutawanya watu, upepo hutawanya maganda ya kahawa pale kinuni. Kitu kimoja hakitawanyiki mpaka kivunjike. Kwa hiyo ukisikia "mtawanyiko" jirani na "protoni", sikio linajimalizia lenyewe: imevunjwa, vipande vimeokotwa. Kumbe wingi unaosemwa ni wa elektroni. Zilikuja zimenyooka, zikaondoka kila moja na njia yake. Ningependekeza "mchepuko", ila kwa maana lililonayo neno hilo mitaani, darasa lisingetulia tena.

Huko Stanford, California, mwishoni mwa miaka ya 1960, elektroni zilikimbizwa kwenye mashine yenye urefu wa kilomita 3 hivi, zikapigwa kwenye haidrojeni ya kimiminika. Kama chaji ya protoni ingekuwa imesambaa sawasawa kama uji kwenye bakuli, elektroni chache mno zingepinda kwa pembe kubwa. Zikapinda nyingi kuliko ilivyotarajiwa, maana yake zilikuwa zikigonga vitu vidogo sana humo ndani. Friedman, Kendall na Taylor walipewa Nobel ya fizikia mwaka 1990 kwa kazi hiyo.

Ni kweli protoni ikipigwa hivyo huvurugika, lakini zinazotoka ni chembe kama pioni. Kwaki iliyo peke yake haijaokotwa na mtu mpaka leo. Ni kama kuchoma gunia kwa bambo, bambo linarudi tupu kila mara, nawe unaijua kahawa iliyomo kwa namna mkono ulivyoshtuka tu.

Hata hiyo "tatu" ina maneno. Ni zile zinazoipa protoni chaji yake: mbili za +2/3, moja ya −1/3. Pembeni yake kuna jozi za kwaki na antikwaki (kwaki ya kinyume, yenye chaji iliyogeuzwa) zinazozuka na kutoweka, na kuna gluoni, chembe zinazozishikanisha kwaki, ambazo peke yake hubeba karibu nusu ya momenta yote, yaani nguvu ya mwendo ya protoni. Karanga gani hiyo?

Duara lako liache, mwalimu, ni zuri. Ila usilipasue. Chora mshale wa elektroni unaokuja umenyooka, ukifika hapo ukunje kona, halafu uandike pembe.