Kigawaji kumbukumbu kimepatikana, lakini je, kinatumika?

Programu ya C huomba kumbukumbu kwa malloc na kuirudisha kwa free, bila kujali nani anajibu. Wanaotaka kasi, au waliochoshwa na RAM inayojaa vipande visivyotumika, humbadilisha anayejibu, yaani kigawaji kumbukumbu: huweka jemalloc, tcmalloc au mimalloc. Kuongeza maktaba si kazi kubwa. Matata yako kwenye mambo yanayoaminiwa baada ya hapo.

Dhana: Skripti ya usanidi (ile inayokagua mashine kabla ya kukompaili) ikisema "yes", jemalloc inatumika.

Skripti imethibitisha tu kwamba faili la .h (lenye matangazo ya vitendakazi) lipo na maktaba inaunganika. Programu ikishaanza kukimbia, malloc bado inaweza kujibiwa na glibc, maktaba ya C (libc) ya kawaida ya Linux. Hata maelezo ya programu yenyewe si ushahidi. Hifadhidata ya Redis ukiipa amri ya INFO memory hukutajia mem_allocator, ila jina hilo liliandikwa wakati wa kukompaili: ijenge kwa libc, kisha ipachike jemalloc kwa LD_PRELOAD (kigezo cha mazingira kinachotanguliza maktaba programu inapoanza), nayo itaendelea kukujibu "libc".

Kipimo ninachokiamini ni cha folly, maktaba ya C++ ya Facebook. Kwanza huangalia kama mallctl na wenzake, vitendakazi vya jemalloc, wapo ndani ya mchakato unaokimbia. Kisha husoma hesabu ya baiti ambazo jemalloc imegawa kwa uzi (thread) unaokimbia, huomba kipande kidogo kwa malloc, halafu husoma tena. Hesabu isipopanda, anayegawa ni mwingine, hata skripti ingesema nini.

Dhana: -ljemalloc (agizo la kuunganisha maktaba ya jemalloc) isipopatikana, jemalloc haipo.

Nenda kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD uone. Tangu toleo la 7.0, mwaka 2008, jemalloc ndiyo malloc ya libc yenyewe, na mallctl imetangazwa ndani ya malloc_np.h. Anayetafuta jina la maktaba hukosa kitu anachokitumia tayari; tafuta kitendakazi badala yake. Kwenye macOS na Windows kuna mtego mwingine: jemalloc ikijengwa bila kubadilishiwa chaguo, majina yake huanza na je_, hivyo mallctl huwa je_mallctl. Kuuliza ukubwa halisi wa kipande nako kuna majina matatu: malloc_usable_size kwenye Linux, malloc_size kwenye macOS, _msize kwenye Windows.

Dhana: Kilichojengwa kwa ARM64 (aina ya vichakataji) kitakimbia kwenye ARM64 yoyote.

Hapa ndipo wengi huumia, maana kosa halionekani kwenye mashine ya kujengea. Wakati wa usanidi, jemalloc hupima ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu wa mashine ile na kuuganda ndani ya maktaba. Kompyuta nyingi hutumia kurasa za KB 4. Kerneli ya kawaida ya Raspberry Pi 5 hutumia KB 16, na zipo za ARM64 zenye KB 64. Peleka huko maktaba iliyojengewa KB 4, nayo itagoma kuanza kwa ujumbe "Unsupported system page size". Dawa ni kujenga kwa --with-lg-page=16, yaani baiti 2^16, ambazo ni KB 64: maktaba hiyo hukimbia pia kwenye kurasa ndogo zaidi, ingawa itakula kumbukumbu kidogo zaidi.

Dhana: LD_PRELOAD inamaliza yote.

Haigusi programu iliyounganishwa kistatiki (yenye maktaba zake zote ndani yake), na Windows haina kitu hicho. macOS ina DYLD_INSERT_LIBRARIES, lakini ulinzi wa mfumo huifuta kwa programu zinazolindwa.

Dhana: free ni free.

Pointa (anwani ya kipande) uliyopewa na strdup ya libc, inayonakili maandishi, ukiirudisha kwa je_free, programu inaweza kuanguka papo hapo au kuharibu data kimyakimya. Kwenye Windows, kila DLL (faili la maktaba) iliyobeba maktaba yake ya C inaweza kuwa na hipu yake, yaani bwawa lake la kumbukumbu, na kipande cha _aligned_malloc hurudishwa kwa _aligned_free tu.

Dhana: Kigawaji cha kuongeza ni bora daima.

Waulize watu wa lugha ya Rust. Waliibeba jemalloc kwa chaguo-msingi kwenye baadhi ya majukwaa, kisha toleo la 1.32, Januari 2019, likarudi kwa kigawaji cha mfumo. jemalloc ilikuwa ikiongeza takriban KB 300 kwa kila programu, na tabia zilitofautiana kati ya jukwaa na jukwaa. Anayeihitaji sasa huitaja mwenyewe kwa #[global_allocator].