Nakala Ipo, Lakini Itarudi? Dhana Potofu Kuhusu Kanzidata

Akiba za wanachama wa SACCOS za Moshi na safari za wageni wa kampuni za utalii za Arusha siku hizi zinatunzwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa ndani ya kompyuta. Wanaonunua mifumo hiyo, na hata baadhi ya vijana wanaoiunda, hushikilia mambo yasiyo ya kweli, na hasara humwangukia mwanachama ambaye hajawahi hata kuiona seva, kompyuta kuu inayoendesha mfumo.

Dhana: Chochote chenye tarakimu kihifadhiwe kama namba

Namba ya simu hujumlishi wala hugawanyi. Ukiihifadhi kama namba kamili (isiyo na desimali), sifuri ya mbele inapotea, na ujumbe wa kumkumbusha mkopaji hauna pa kwenda.

Namba ya NIDA ni hatari zaidi. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba kamili ya biti 64 (yaani iliyotengewa nafasi 64 za 0 au 1) kwenye kanzidata nyingi hufika 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Hata ile isiyokubali hasi huishia 18,446,744,073,709,551,615, na mtu aliyezaliwa 1985 tayari amevuka hapo kwa kuwa namba yake inaanza na 1985. Excel nayo hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazofuata huzigeuza kuwa sifuri bila kukuonya. Orodha ya wanachama ikipitia huko kabla ya kuingizwa kwenye mfumo, watu waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja wanaweza kutokea na namba ileile. Hifadhi namba hizi kama maandishi, tangu siku ya kwanza.

Fedha ndizo za kuhifadhi kama namba, ila kwa aina ya desimali kamili. Kwenye floti, aina ya namba inayohifadhi desimali kwa kukadiria, 0.1 kujumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na ukikokotoa riba ya wanachama wote kwa miaka, vipande hivyo hujikusanya.

Dhana: Umeme ukikatika katikati ya kazi, hesabu lazima ziharibike

Hapana. Programu za kanzidata kama PostgreSQL, na MySQL inayotumia InnoDB (sehemu yake ya kuhifadhi data), huandika mabadiliko kwanza kwenye kumbukumbu maalumu ya diski kabla ya kukuambia kazi imekamilika. Umeme ukirudi, mfumo husoma kumbukumbu hiyo: muamala (hatua zilizofungwa pamoja kama kazi moja) uliothibitishwa unakamilishwa, ule ulioishia njiani unafutwa wote.

Ila programu lazima iseme muamala unaanzia wapi na unaishia wapi. Kutoa 200,000 kwenye akiba na kuziingiza kwenye mkopo ni hatua mbili. Mtengenezaji akiziandika kama amri mbili zisizofungamana, umeme ukikatika kati yake fedha zimetoka na hazijafika popote. Lawama hapo ni ya aliyeandika programu, TANESCO haihusiki.

Dhana: Mfumo ukiwa mzito, nunua seva kubwa

Mara nyingi kinachokosekana ni indeksi, orodha ya kuelekeza rekodi ilipo, kama faharasa ya kitabu. Bila indeksi, kutafuta stakabadhi moja kati ya milioni kunailazimu kanzidata kuzipitia zote. Ikiwepo indeksi ya mti wa B, waliyoibuni Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, hatua tatu au nne kwa kawaida zinatosha. Tumia EXPLAIN, amri ya kanzidata yenyewe, uone kanzidata inapita njia gani. Usiweke indeksi kila mahali, kwani kila moja huongeza kazi wakati wa kuandika.

Dhana: Bakapu (nakala ya akiba) ipo, tuko salama

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, akifanya kazi usiku, alifuta saraka (folda) ya kanzidata kwenye seva iliyokuwa ikitumika, akidhani yuko kwenye seva ya pili inayofuatisha hiyo. Kati ya takriban GB 300 zilibaki GB 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Zana ya kutoa nakala ilikuwa ya PostgreSQL toleo la 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo ilishindwa kila mara. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kama saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio tu.

Seva ya pili inayofuatisha ya kwanza haichukui nafasi ya bakapu. Karani akifuta rekodi kwa bahati mbaya, inafutwa na kule papo hapo.

Kila mwezi, chukua nakala ya karibuni, irejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa, kisha linganisha idadi ya wanachama na jumla ya akiba na ripoti ya siku ile nakala ilipochukuliwa. Ofisi ikiwa Moshi, nakala moja ikae Arusha au kwenye seva ya mbali, isiwe kwenye diski iliyochomekwa kwenye kompyuta ileile. Meneja asikubali kuambiwa "bakapu zipo". Aulize nakala ya mwisho ilirejeshwa lini, na nani aliyeirejesha.